Je, mtoto wako yumo katika ripoti ya serikali?



Siku ya kuhakiki majina foleni ni ndefu na jua ni kali. Mwandishi anauliza, "Watoto wangapi?" Unajibu, "Sita." Anaandika sita, mnapita. Lakini je, kati ya hao sita hakuna mmoja ambaye ni wa marehemu dada yako? Hakuna asiyesikia vizuri? Na yule mdogo aliyezaliwa nyumbani usiku, ana karatasi yoyote?

Mara nyingi hatuyasemi hayo. Wengine tunaona aibu. Wengine tunaogopa kwamba mtoto tuliyemlea atachukuliwa, au mgao utapunguzwa. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini anayeumia kwa kunyamaza kwetu ni mtoto.

RIPOTI HIYO NI YA NINI?

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kongo na Burundi ziliuridhia mwaka 1990, Tanzania mwaka 1991. Kifungu cha 44 kinaitaka kila serikali itoe ripoti baada ya miaka miwili, halafu kila baada ya miaka mitano. Ripoti inapelekwa Geneva, Uswisi, kwenye Kamati ya wataalamu 18. Kamati inasoma, inauliza maswali, kisha inaiambia serikali irekebishe nini. Wakati mwingine ripoti zinachelewa na kuunganishwa. Ile ya Tanzania iliyojadiliwa Januari 2015 ilikuwa ya tatu, ya nne na ya tano kwa pamoja.

Kamati hairidhiki ikiambiwa tu kwamba watoto wanaendelea vizuri. Inataka hesabu kwa makundi: wasichana na wavulana, wa mjini na wa vijijini, wenye ulemavu, wasio na wazazi, wakimbizi. Kwa nini? Tuseme mahali pana watoto 100, na 90 wanakwenda shule. Tutapiga makofi! Lakini uliza wale 10 ni akina nani. Unaweza kukuta karibu wote ni walemavu. Hesabu ya jumla ilikuwa imewaficha.

NA WATOTO WETU?

Kifungu cha 22 kinasema mtoto mkimbizi apewe ulinzi na msaada, awe na wazazi au asiwe nao. Kinasema pia serikali isaidie kuwatafuta wazazi wa mtoto aliyepotezana nao. Sasa fikiri: ukimwandikisha mtoto uliyemwokota njiani kama wako wa kuzaa, nani atajua kwamba kuna mama wa kutafutwa? Pengine naye anamlilia huko aliko.

Kifungu cha 23 kinamhusu mtoto mwenye ulemavu. Kifungu cha 7 kinataka mtoto aandikishwe mara anapozaliwa. Haki hizo zipo, lakini hesabu za ripoti zinaanzia kwenye madaftari ya usajili, ya kliniki na ya shule. Asiyeandikwa humo hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi kitu.

TUFANYE NINI?

- Mama, ukijifungua, omba tangazo la kizazi kabla ya kuondoka hospitali. Ukijifungulia nyumbani, mpeleke mtoto kliniki mapema na umjulishe kiongozi wenu.
- Tunza karatasi hiyo pamoja na kadi ya kliniki ndani ya nailoni, mvua isiiharibu.
- Mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyetembea, mtaje. Usimfungie ndani wageni wanapokuja.
- Mtoto unayemlea, eleza alikotoka. Kama una hofu, omba kuzungumza faragha na wahudumu wa watoto.
- Kwenye mkutano wa zoni, ulizeni ripoti ya serikali inasema nini kuhusu watoto wakimbizi. Kifungu hicho hicho cha 44 kinaitaka serikali iitangaze kwa wananchi.

Ni kweli, ripoti haijazi sufuria. Lakini safari ijayo mwandishi akiuliza "Watoto wangapi?", usiishie kwenye "sita". Mweleze ni akina nani.