Taji Tatu za Mfalme Charles

Picha za wafalme kwa desturi huonyesha taji kichwani na fimbo ya enzi mkononi, ili atazamaye aseme, “Huyu ana nguvu.” Lakini iko picha moja ambayo taji yake imewekwa chini.

Tarehe 30 Januari 1649 mfalme Charles I wa Uingereza alikatwa kichwa mjini London, baada ya kupigana vita na Bunge lake. Upesi kikatoka kitabu, Eikon Basilike, yaani Sura ya Mfalme. Na mwanzoni mwake picha iliyochongwa na William Marshall.

Humo mfalme amepiga magoti. Taji ya dhahabu i miguuni pake, nayo imeandikwa kwa Kilatini, “Ubatili.” Mkononi ameshika taji ya miiba, “Neema.” Macho yake yaitazama taji ya tatu iliyo juu, “Utukufu.” Nje uko mtende uliotundikwa mizigo mizito, na mwamba usiotikisika katika dhoruba ya bahari.

Wengi walimhesabu kuwa shahidi. Lakini mwaka ule ule John Milton aliandika kitabu cha kuwajibu, akasema picha ile ni mtego wa kuwanasa wajinga.

Basi tufahamu: mchongaji aweza kutia taji ya miiba katika mkono wa mtu yeyote. Vita na raia waliokufa hawamo pichani. Ninyi walimu, mwonyeshapo watoto picha ya mkubwa, waulizeni mawili: Imeonyesha nini? Tena, imeficha nini?