Roboti ya barabarani: imeundwa namna gani, na tuipime kwa nini?

Mtu wa Bukavu ao Kalemie akisikia kwamba Lubumbashi iliwekewa roboti za kuongoza magari, anaweza kufikiri ni mambo ya filimu. Ni za kweli, tena hazikutoka Japani wala China. Ziliundwa hapa hapa inchini, Kinshasa, na shirika Women's Technology la mama Thérèse Izay Kirongozi, inginyera aliyesomea ISTA. Za kwanza zilisimamishwa Kinshasa mwaka 2013. Mwezi wa tatu 2015 zikafuata tatu zingine zenye majina, Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Lubumbashi nayo ikapata za kwake. Watu wanaziita tu robot roulage.

Roboti hiyo iko na urefu wa karibu mita 2 na nusu, na inasimama juu ya nguzo katikati ya njia panda. Mwili wake ni wa aluminiamu. Plastiki ingekuwa bei rahisi, lakini jua la kila siku linaikausha mpaka inapasuka, na chuma cha kawaida kinashika kutu mvua ikianza. Kifua kinazunguka, mikono inapanda na kushuka, taa nyekundu na kijani zinawaka. Iko pia na sauti ya kuambia watu wa miguu wakati wa kuvuka. Nguvu yake inatoka kwa jua, na hilo ni jambo kubwa katika miji yetu: umeme ukikatika mtaa mzima, roboti inaendelea na kazi.

Sasa, je, inafaa? Wengi wanaisifu kwa sababu haiombi makuta ya soda. Ni kweli, na dereva yeyote wa taksi atakuambia hiyo si kitu kidogo. Lakini roboti haiwezi kukimbilia mtu. Moto ikipita kwenye nyekundu, mkono wa aluminiamu unabaki hewani tu.

Ndiyo maana iliwekewa kamera, machoni na mabegani. Picha zinatakiwa kufika kwa polisi, polisi asome namba ya gari, mwenye gari aitwe na alipe fini. Hapo ndipo pa kuipimia. Plaki ikiwa ya uongo, ao kusipokuwa mtu wa kufuata zile picha, dereva atazoea upesi sana. Wiki ya kwanza anasimama kwa kushangaa, kisha anaangalia tu kama kuna polisi wa kweli karibu.

Kipimo kingine kinasahauliwa: nani anaitunza? Zile za 2015 zilikuwa za bei ya dolari 27.500 hivi kila moja, na kununua ni mwanzo tu. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Lubumbashi linafunika kila kitu, na sahani ya jua yenye vumbi haileti nguvu yote. Betri nayo inazeeka. Mji wowote wa mashariki unaotaka roboti kama hizi uulize kwanza nani atapanda na kitambaa kuipangusa, na makuta ya betri mpya yatatoka wapi.