Daktari wa Mulago na Msikilizaji wa London

Tarehe 22 Machi 1961, daktari wa upasuaji kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, alisimama katika Hospitali ya Middlesex, London, kueleza uvimbe aliokuwa akiuona kwenye taya za watoto wa Uganda. Aliitwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliyepoteza jicho moja tangu utotoni na bado akawa mpasuaji. Miongoni mwa waliokuja kumsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti kijana aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku.

Kuku wa maabara na mtoto wa Mulago, wapi na wapi? Hakuna jarida ambalo lingewakutanisha watu hao wawili. Mpasuaji husoma ya upasuaji, na mtaalamu wa virusi husoma ya virusi. Siku ile walikutana kwa sababu mmoja alipanda jukwaani na mwingine aliona tangazo la mhadhara, akaamua kwenda.

Kisa chenyewe kilianza 1957. Burkitt aliitwa na mwenzake pale Mulago amwone mtoto aliyevimba pande zote mbili za taya, juu na chini. Hakuelewa. Jipu halitokei sehemu nne kwa wakati mmoja, na uvimbe ule haukufanana na saratani yoyote aliyofundishwa. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajali ya maumbile. Wawili walimtia mashaka. Akafukua kumbukumbu za hospitali, kisha akatuma barua na picha kwa madaktari wa sehemu nyingi za Afrika akiwauliza swali moja tu: je, mmewahi kuona hiki? Majibu aliyaweka kwenye ramani, na ramani ikaanza kuonyesha ukanda. Maeneo yenye joto na mvua yalikuwa na ugonjwa, na nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao.

Ramani hiyo ndiyo iliyomshtua Epstein. Ugonjwa unaofuata joto na mvua, aliwaza, huenda unaenezwa na kitu kilicho hai. Wakati huo wataalamu wengi hawakukubali kwamba virusi vinaweza kumletea binadamu saratani. Baada ya mhadhara wakazungumza, wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitakavyokatwa Kampala vipelekwe London kwa ndege.

Zaidi ya miaka miwili ilipita bila mafanikio. Seli zilikataa kukua nje ya mwili, na hadubini haikuonyesha kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilikuta London imefunikwa na ukungu, ikalazimika kutua Manchester. Mzigo ulipofika kwa kuchelewa, maji yaliyohifadhi kipande yalikuwa yamechafuka. Ilikuwa rahisi kudhani bakteria wameingia na kumwaga kila kitu. Epstein aliweka tone chini ya hadubini kwanza, akakuta seli nzima za saratani zikielea, zimebanduka kwa mtikisiko wa safari. Zikakubali kuoteshwa. Mapema 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mwanasayansi mzaliwa wa Trinidad, wakaviona virusi vyenyewe kwa hadubini ya elektroni. Vikaitwa Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza kuthibitishwa kuwa vinahusika na saratani ya binadamu.

Burkitt naye hakukaa kusubiri. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakashuka hadi Afrika Kusini na kurudi, wiki kumi, karibu kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza. Safari ile nayo inafaa kuhesabiwa kuwa mkutano wa kisayansi, ila ni ukumbi uliokuwa ukiwafuata wajumbe. Daktari wa hospitali ndogo ya misheni, ambaye hangealikwa London hata siku moja, alikuwa na jibu alilolihitaji ulimwengu: hapa kwetu tunauona, au hapa kwetu hatuuoni. Ni Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, aliyemwonyesha Burkitt kwamba mipaka ya ugonjwa inakwenda sambamba na kiwango cha joto. Joto liliwafanya watu wamshuku mbu kuwa ndiye anayeeneza virusi, lakini miaka ya baadaye ilionyesha kwamba anahusika kwa njia nyingine. Virusi vya Epstein-Barr huenea kwa mate, na watu wazima karibu wote duniani wanavyo, lakini malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili wake, na hapo saratani hupata upenyo.

Leo mikutano ya watafiti wa tiba ina utaratibu wake. Miezi kadhaa kabla, mtafiti hutuma muhtasari wa kazi yake, na kamati huamua nani atapewa dakika kumi au kumi na tano jukwaani na nani atapewa bango. Bango ni karatasi kubwa yenye michoro na takwimu, inayobandikwa ukumbini huku mwenyewe akisimama kando yake kama muuzaji kwenye kibanda. Vijana wengi hulionea haya bango, wakidhani ni la walioshindwa. Wanakosea. Jukwaani unaulizwa maswali mawili, mwenyekiti anatazama saa. Kwenye bango mtu anaweza kusimama nusu saa, akaweka kidole kwenye namba moja na kuuliza: hii mliipataje? Halafu kuna mapumziko ya chai, ambapo mtaalamu wa mbu kutoka Ifakara anaweza kujikuta kwenye foleni moja na mtakwimu kutoka Mali, na kabla vikombe havijaisha wamegundua kwamba wanahangaika na tatizo lilelile.

Kwa malaria, faida ya kukutana inaonekana wazi. Januari 1997, wanasayansi wa Afrika na wenzao wa mabara mengine walikutana Dakar, na hapo ukazaliwa mpango wa pamoja wa utafiti wa malaria. Mikutano yake mikubwa ikafuata: Durban 1999, Arusha 2002, Yaoundé 2005, Nairobi 2009. Kati ya hapo, mwaka 1998, vituo vinavyofuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu kaya kwa kaya viliungana Dar es Salaam na kuunda mtandao wao. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofikia hatua ya majaribio makubwa mwaka 2009, ilihitaji vituo 11 katika nchi saba za Afrika na watoto zaidi ya 15,000. Tanzania ilichangia Bagamoyo na Korogwe; Kenya ilichangia Kilifi, Kombewa na Siaya. Jaribio la namna hiyo haliwezekani kama Korogwe wanaita "malaria kali" kitu kimoja na wenzao wa Ghana wanaita kingine. Lazima watu wakae chini, wabishane, wakubaliane joto la mwili linapimwaje na vimelea vinahesabiwaje. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto.

Ndiyo maana inauma mlango unapofungwa. Mwaka 2022, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulipofanyika Montreal, wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au zilichelewa mpaka mkutano ukaanza bila wao. Watu wanaotoka penye mzigo mkubwa wa ugonjwa walibaki nyumbani wakitazama kwenye skrini. Skrini huonyesha hotuba, lakini haina foleni ya chai. Kama Burkitt angekwama uwanja wa ndege mwaka 1961, Epstein angeendelea na kuku wake. Mikutano inayofanyika hukuhuku, ile ya taasisi za taifa za utafiti Tanzania na Kenya na ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, haina fahari ya Montreal, lakini muuguzi wa Kigoma anaweza kuifikia kwa basi, na hilo ni jambo kubwa.

Kilifi wameusogeza mkutano karibu zaidi. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapo 1989 kina wawakilishi wa jamii, watu wanaochaguliwa vijijini, ambao hukutana na watafiti mara kwa mara. Wanachokileta hakipatikani kwenye bango lolote. Wazazi waliuliza kwa nini mtoto mgonjwa atolewe damu, inatolewa kiasi gani, inakwenda wapi, na kama haiuzwi. Pwani, ambako watu wamekua wakisikia habari za mumiani wanaonyonya watu damu, swali hilo ni zito. Watafiti walilichukua kama data, wakalichunguza, wakaliandika katika majarida ya kisayansi, na wakabadilisha namna ya kumweleza mama kabla hajatia sahihi: kwa Kigiriama au Kiswahili, na kwa vipimo anavyovijua, vya kijiko cha chai.