Umri wa nahodha na hesabu za watoto wetu

Melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Je, nahodha ana umri gani?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji wa hisabati mjini Grenoble, Ufaransa, waliwapa swali hilo watoto 97 wa madarasa ya chini ya shule ya msingi. Watoto 76 walimpatia nahodha umri wake. Walizichukua namba walizoziona, wakazifanyia hesabu, wakaandika jibu, wala hawakujiuliza mbuzi wanahusiana vipi na miaka ya mtu.

Watoto hao hawakuwa wajinga, na kujumlisha walikujua vizuri. Ila darasani walikuwa wamejifunza na mambo mengine ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha kwa makusudi: kwamba kila swali la hisabati lina jibu, kwamba jibu hutoka kwenye namba zilizoandikwa, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kubahatisha mwalimu anataka zijumlishwe au zitolewe. Mpe mwanao wa darasa la pili au la tatu swali hilo leo jioni, umsikilize.

Fungua sasa daftari lake. Utakuta kurasa za kujumlisha, kisha kurasa za kutoa, kila swali likiwa pacha wa lililotangulia. Mafumbo yanakuja mwishoni mwa mada, na mara nyingi muda unakwisha kabla hayajafikiwa. Yakifikiwa, mtoto anapewa njia ya mkato: ukiona "jumla", jumlisha, ukiona "amebaki", toa. Njia hiyo inampatia vyema kadhaa, halafu inamwangusha. Chukua fumbo hili: Asha alimpa Juma maembe 4, akabaki na maembe 9. Mwanzoni alikuwa na maembe mangapi? Mtoto aliyezoeshwa kuwinda maneno ataliona "akabaki", atatoa, ataandika 5. Angemfikiria Asha na kikapu chake kwa dakika moja tu, angejua kwamba mtu aliyebaki na 9 hawezi kuwa alianza na 5.

Sisemi mazoezi ya kawaida yaachwe. Mtoto anayehesabu vidole kila anapokutana na 7 jumlisha 8 anaimaliza akili yake pale pale, na fumbo lenyewe linakosa nafasi. Jedwali la kuzidisha likae kichwani, tena mapema. Lakini mazoezi ya aina hiyo humpa mtoto wepesi wa kupita njia anayoijua tayari. Hayamfundishi la kufanya asipoiona njia, na huko ndiko kutatua tatizo kunakoanzia.

Kuna utafiti wa mwaka 1985 ambao kila mwalimu wa hisabati angefaidika kuusoma. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walikwenda kwa watoto wanaouza vitu mitaani na sokoni mjini Recife, Brazili, wakajifanya wateja. Mvulana wa miaka 12 alikuwa akiuza nazi, kila moja cruzeiro 35. Aliulizwa nazi 10 ni bei gani. Shuleni angefundishwa kuongeza sifuri. Yeye alianza na bei ya nazi 3, ambayo ni 105, akaongeza 3 nyingine akafika 210, akakumbuka bado 4, akasogea hadi 315, kisha 350. Njia ndefu, lakini kila hatua aliielewa, na angeweza kuitetea mbele ya mteja mkorofi. Watoto hao walipata karibu maswali 98 katika kila 100 kwenye biashara zao. Walipoandikiwa hesabu za namna hiyo hiyo kwa mtindo wa shule, bila nazi wala mteja, walipata kama 37 tu.

Hapo wengi husema basi mtaa ni shule bora. Sikubaliani nao. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2025 na kundi lenye washindi wa Nobeli Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ulifanyika Kolkata na Delhi nchini India. Watoto wa sokoni walipiga hesabu ngumu za chenji kichwani, wakashindwa hesabu rahisi za shule. Wanafunzi wa shuleni nao walifanya hesabu za daftarini, wakashindwa zile za sokoni. Ujuzi wa kila upande ulibaki upande wake. Anayeweza kuuunganisha ni mtu mzima anayekaa na mtoto, na kiungo chenyewe ni fumbo zuri.

Fumbo zuri linaweza kuwa hili. Uani kuna kuku na mbuzi. Vichwa ni 8, miguu ni 22. Kuku ni wangapi, mbuzi wangapi? Mwanafunzi wa sekondari ataandika milinganyo. Mtoto wa miaka minane hana milinganyo, ana penseli. Mwache. Ataanza kwa kukisia: kuku 4 na mbuzi 4, miguu 24. Imezidi. Atabadilisha, atafuta, atauliza kama amepata, usimjibu. Pengine atachora duara 8 za vichwa na kukipa kila kichwa miguu miwili. Imetumika 16, imebaki 6. Ataigawa miwili miwili kwa vichwa vitatu, na hapo mbuzi 3 watasimama mbele yake pamoja na kuku 5. Huenda akatumia nusu saa nzima. Nusu saa hiyo ina faida kuliko hesabu 30 za kutoa zilizonakiliwa ubaoni.

Linalowashinda wazazi wengi, na walimu pia, ni kunyamaza. Mtoto akikwama kidogo tunamwonyesha njia, naye anajifunza kwamba akikaa kimya vya kutosha njia italetwa. Badala yake aulizwe: "Umepataje?" Aulizwe akiwa amekosea, na aulizwe vilevile akiwa amepatia, la sivyo swali lenyewe litageuka kuwa dalili ya kosa.

Najua madarasa yetu. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 hawezi kumsikiliza kila mmoja. Anaweza, hata hivyo, kuandika fumbo moja ubaoni, kuwapanga watoto wawili wawili, kisha kuwaita watatu waliotumia njia tofauti waje waeleze, aliyekosea akiwemo. Walimu wengi wa Japani hutumia karibu kipindi kizima kwa swali moja kwa namna kama hiyo. Vifaa vinavyohitajika ni chaki na vizibo vya soda vya kuhesabia.

Nyumbani, michezo yetu tunayo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hujua kete zake zitaishia wapi kabla hajazigusa. Mtoto anayekaa pembeni ya babu akitazama anajifunza kufikiri hatua mbili mbele.

Na kuna zoezi moja lisilohitaji chochote: mpe mtoto jibu, atunge fumbo. Jibu ni 12. Mmoja ataandika maandazi 20 yaliyoliwa 8, mwingine mafungu 3 ya nyanya 4, na mwingine ataandika 10 jumlisha 2 bila hadithi yoyote. Kwa dakika chache mwalimu atajua nani ameelewa kuzidisha na nani bado. Yule asiye na hadithi akae na mwenye nyanya, watunge la pili pamoja.