Namba za Watu Ulizozikabidhi Bila Kuwauliza

Mtu anakopa shilingi elfu hamsini kwa simu. Siku ya kulipa ikimpita, ujumbe haumfikii yeye tu. Unamfikia mkwewe, mwalimu wa mwanawe, bosi wake, hata fundi aliyemjengea choo zamani. Wote wanaambiwa fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Udhalilishaji wa namna hii ulilalamikiwa sana nchini, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Hakuna aliyeidukua simu ya mkopaji. Programu iliomba kusoma majina aliyohifadhi, naye, ada ya mtoto ikiwa imemkaba, akabonyeza kukubali. Linaloniuma ni kwamba mkwe na yule fundi hawakukopa wala hawakuulizwa. Namba zao zilikuwa amana mikononi mwake. Tangu 31 Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi katika duka lake kusoma majina na picha za mteja, lakini programu inayopakuliwa kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp haipiti dukani humo.

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni mwenye simu, na siku hizi ana nyenzo. Kabla ya Android 6 ya mwaka 2015, ulikubali ruhusa zote kwa mkupuo au uikose programu. Sasa unaulizwa moja moja, na tangu Android 11 waweza kuruhusu kamera, maikrofoni au mahali ulipo kwa mara moja tu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, ufungue orodha ya ruhusa. Usianze na programu; anza na ruhusa yenyewe, uone kwa pamoja wote wanaosoma majina yako, kisha wote wanaosoma ujumbe mfupi. Hapo pa ujumbe kaza macho, maana ndiko zinakopita namba za siri za benki. Hatari kuliko zote ni ruhusa ya huduma za ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: anayepewa anaweza kusoma kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako. Tochi au kikokotoo kikiiomba, kifute.

Uzito unaongezeka simu ikiwa ndiyo ofisi. Muuguzi ana picha za vidonda vya wagonjwa, mwalimu ana namba za wazazi wa darasa zima, na wengi wao wanatumia simu walizojinunulia. Wapo wanaodhani laini ya pili imetenganisha mambo, au WhatsApp ya biashara. Haijatenganisha: WhatsApp zote mbili zinasoma kitabu kimoja cha majina.

Kinachotenganisha kweli ni wasifu wa kazini, uliopo kwenye Android tangu 2014. Programu za kazi hukaa upande wake zikiwa na alama ya mkoba, na majina yake na mafaili yake. Jioni unauzima. Ukiacha kazi, mwajiri anafuta upande huo tu. Picha za harusi yako haziguswi, na wala hakuwa anaziona. Kwa kawaida huwekwa na ofisi. Asiye na ofisi ya kumwekea, kama ana Samsung yenye folda salama, aitumie hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Waajiri, sheria hii inawahusu. Anayemtaka mfanyakazi abebe taarifa za wateja kwenye simu yake mwenyewe amwekee wasifu wa kazini, au amnunulie simu. Nawe msomaji, fungua orodha ya ruhusa leo, uanze na majina. Programu ya mkopo ukiikuta humo, iondolee ruhusa hiyo hata kama deni bado hujalimaliza.