Mbuzi Anayezunguka Hahitaji OTC

"Daktari, nina mbuzi anazunguka upande mmoja tu. Nimchome sindano gani?" Swali hili naulizwa mnadani, naulizwa msibani, naulizwa kwa simu usiku. Na karibu kila mara muulizaji ameshachoma. Kapita dukani, kauziwa chupa ya OTC, kapiga siku tatu mfululizo, mbuzi bado anazunguka. Sasa anataka nimtajie sindano kali zaidi. Haipo.

Mtazame mbuzi mwenyewe. Kundi limemwacha nyuma, kichwa kimelalia upande, anazunguka palepale mpaka majani yamelala. Mwendee upande wa jicho moja, hakuoni. Akikutana na ukuta husimama, paji la uso limeugandamiza. Hana homa. Wamaasai wa Ngorongoro wanaujua ugonjwa huu kwa jina la ormilo. Kwingine huitwa kizunguzungu. Ukimchinja ukalipasua fuvu utakuta kifuko cha maji maangavu ndani ya ubongo, pengine kikubwa kama yai la kuku, na ukutani mwake vipunje vyeupe vimekaa mafungu mafungu. Kila kipunje ni kichwa cha tegu.

Sasa niambie, OTC itafanya nini hapo? OTC ni oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria. Tegu si bakteria. Ukipiga chupa nzima, kifuko kitabaki vilevile kinaukandamiza ubongo, na hela yako imekwenda. Hata dawa ya minyoo unayomnywesha kila msimu inawalenga minyoo wa tumboni. Usiitegemee ikiondoe kifuko kilichokwisha kukomaa kichwani.

"Lakini wa jirani alichomwa OTC akapona." Najua, na nimechoka kulisikia. Mbuzi wa jirani hakuwa na kifuko. Maji moyo, ugonjwa unaoletwa na kupe, nao huweza kumzungusha mbuzi, lakini huja ghafla na homa kali, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Huo OTC huuweza ikiwahi. Listeria nayo humzungusha, ila angalia uso: upande mmoja umelegea, sikio limeanguka, mate yanamtoka. Nayo hutibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Kizunguzungu cha kifuko huja polepole, kwa wiki na miezi. Kwa hiyo kinachotangulia ni kipimajoto, si sindano. Joto likipita nyuzi 40, mwite daktari siku hiyohiyo. Kama halijapanda na mbuzi amekuwa akizidiwa kidogo kidogo tangu mwezi uliopita, iache chupa dukani.

Kinachoniudhi hasa ni kinachofuata. Sindano zikishindwa, mbuzi anachinjwa kesho yake, nyama inaliwa ikiwa bado na dawa, na kichwa kile kile chenye kifuko kinatupiwa mbwa. Hapo ndipo ugonjwa unapozaliwa upya. Vipunje vile vinakuwa tegu kwenye utumbo wa mbwa, na kwa muda wa wiki 6 hivi mayai yanaanza kutoka na kinyesi chake. Kinyesi kinabaki malishoni, mbuzi wanayameza mayai pamoja na majani, na baada ya miezi kadhaa mwingine anaanza kuzunguka. Mjerumani Friedrich Küchenmeister alilionyesha jambo hili kwa majaribio tangu miaka ya 1850, na bado tunawarushia mbwa vichwa. Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Analinda zizi, anabweka vizuri, na huku ndiye anayekuambukizia kundi.

Ufanye nini, basi? Mbuzi akishajulikana ana kifuko, chinja mapema kabla hajakonda, bila kumchoma chochote. Ofisa mifugo akague nyama. Kwa kawaida huliwa. Kichwa choma kiwe majivu, au kizike chini sana mbwa asiweze kukifukua. Upasuaji wa kukitoa kifuko upo, lakini kwa mbuzi wa kawaida gharama haikulipi. Mbwa wapewe prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na daktari akupangie marudio. Wafunge siku mbili tatu baada ya dawa, kinyesi chao ukichome. Watoto wanawe mikono wakishacheza na mbwa, kwa sababu mayai haya humpata binadamu pia, ingawa mara chache.

Ukimnywesha mbwa wako peke yake hujamaliza kazi, maana wa jirani anapita malisho hayohayo. Mwambieni mwenyekiti wa kitongoji atenge siku moja, kila mwenye mbwa aje naye, na daktari wa mifugo aitwe. Fanyeni hivyo kabla ya kununua chupa nyingine ya OTC.