Fahamu: Homa ya Nguruwe Inayompita Panya wa Maabara

Makombo ya hotelini mtaani Huruma hayatupwi yote. Mengine hutiwa ndooni, yakapelekewa nguruwe. Kipande kimoja humo cha nyama mbichi ya nguruwe aliyeambukizwa chaweza kuleta ugonjwa unaomaliza banda zima.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya nguruwe ya Afrika, na ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya: daktari wa mifugo R. E. Montgomery alichapisha ripoti yake 1921. Virusi huingia kwenye seli za kinga, zile zinazomeza vijidudu, na kuzaliana humo. Nguruwe hupata homa kali, hukataa chakula, masikio na tumbo huwa mekundu, na wengi hufa ndani ya siku chache. Ngiri wa porini hubeba virusi hivyo bila kuugua. Kupe laini wanaoishi kwenye mashimo yake huvisambaza.

Panya wa maabara, anayetumiwa kuchunguza maradhi mengi, hapatwi na homa hii. Basi kila chanjo ni lazima ijaribiwe kwa nguruwe wenyewe, ndani ya mabanda yenye ulinzi mkali, kwa gharama kubwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo kuchelewa hivi. Vietnam iliidhinisha yake 2022 tu.

Binadamu haambukizwi, kwa hiyo mlaji asiogope. Wewe mfugaji, chemsha makombo yatokote kwa nusu saa, na nguruwe akifa ghafla usimuuze: mwite daktari wa mifugo.